Paka Akipata Mafua: Mwongozo wa Kuwalinda Wanyama wa Nyumbani na Watu wa Nyumba

Kuku wakifa ghafla uani, swali la kwanza huwa ni kama mdondo umerudi. Baada ya hapo mzoga hutupiwa mbwa. Nimeyaona hayo miaka mingi na nilikuwa nayapita tu, mpaka jioni moja mtoto wa jirani aliponikuta uchochoroni, amewashika kuku wawili miguu, vichwa vinaburuza vumbi, ute unawadondoka midomoni.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba. Hao unawapeleka wapi?"

"Nampelekea Simba. Mama kasema wasitupwe bure."

Simba ni mbwa wao. Nyuma ya mtoto walikuwa wanafuata paka wawili, mikia juu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya nyumba kama ile, ambamo kuku, bata, paka, mbwa na watoto wanaishi ua mmoja na wote wanapita mlango mmoja wa jikoni. Sitaki mtu amfukuze paka wake baada ya kuusoma. Hatari ya binadamu kupata mafua kutoka kwa paka au mbwa ni ndogo, na wataalamu wa afya duniani wanasema hivyo hivyo. Lakini matukio yaliyowahi kutokea yana njia zinazojulikana, na njia hizo zinazibika kwa sufuria, sabuni na uangalifu kidogo.

Hatua ya 1: Jua ni mafua yapi tunayoyazungumzia

Paka anayepiga chafya, macho yana tongotongo na pua inatoa kamasi, watu husema ana mafua. Mara nyingi ni ugonjwa wa paka wenyewe kwa wenyewe, unaoletwa na virusi vya jamii ya hapesi au kalisi. Huo haumpati binadamu. Mbwa naye ana kikohozi chake kikavu, kile kinachosikika kama amekwamwa na mfupa kooni, na mara nyingi nacho si mafua ya influenza.

Influenza aina ya A ni jambo jingine. Virusi vyake hutajwa kwa herufi H na N, yaani protini mbili zilizo juu ya gamba la kirusi: ya kwanza hukisaidia kushika na kuingia katika seli, ya pili hukisaidia kutoka. Makazi yake ya asili ni ndege wa majini, hasa mabata mwitu. Kutoka huko vimeshahamia kwa kuku, nguruwe, farasi, binadamu, na safari hii kwa wanyama tunaolala nao nyumba moja.

Kwa mbwa kuna aina mbili zinazojulikana vizuri. H3N8 ilitoka kwa farasi na ikagunduliwa mwaka 2004 huko Florida, Marekani, kwa mbwa wa mbio. H3N2 ilitoka kwa ndege, ikaanzia Asia ya Mashariki, na mwaka 2015 ikalipuka Chicago na kuambukiza mbwa wengi sana. Pamoja na kuenea kote huko, hakuna binadamu anayejulikana kuugua mafua ya mbwa. Kwa hiyo mbwa wako akikohoa, hofu ya kwanza iwe juu ya mbwa mwenyewe na mbwa wa majirani.

Kwa paka hali ni tofauti kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2016, mafua ya H7N2 yaliingia katika makazi ya paka wasio na wenyewe mjini New York, yakawapata mamia ya paka. Daktari wa mifugo aliyekuwa akiwachukulia vipimo aliambukizwa. Aliugua kidogo, akapona. Tukio hilo moja ndilo lililothibitisha kwamba njia ya kutoka kwa paka kwenda kwa mtu ipo, hata kama ni nyembamba.

Na ipo H5N1, homa ya mafua ya ndege. Hii ndiyo inayonifanya niandike kwa kirefu, kwa sababu inaua paka, na kwa sababu inaingia kwa mlango ambao sisi wenyewe ndio tunaoufungua.

Hatua ya 2: Anza na bakuli la chakula

Ukiwa na nafasi ya kufuata hatua moja tu katika mwongozo huu, ifuate hii.

Oktoba 2004, katika bustani ya chui milia huko Sriracha, Thailand, wanyama walilishwa mizoga mibichi ya kuku. Kati ya chui milia 441, 147 walikufa au ililazimika kuwaua. Chui milia ni jamii moja na paka aliyelala chini ya meza yako. Mwaka huo huo, nchi hiyo hiyo, mbwa mmoja alikufa kwa H5N1 baada ya kula mzoga wa bata.

Machi 2024, Texas, ng'ombe wa maziwa waliugua H5N1. Katika shamba moja walikuwapo paka wapatao 24 waliozoea kunyweshwa maziwa mabichi ya ng'ombe wagonjwa. Zaidi ya nusu walikufa, wengine baada ya kupofuka na kuyumba. Desemba ya mwaka huo, huko Oregon, alikufa paka ambaye alikuwa hatoki nje kabisa. Alikuwa amekula chakula cha paka cha dukani, nyama mbichi ya bata mzinga iliyogandishwa. Kirusi kilichokutwa ndani ya chakula kililingana na kile kilichokutwa ndani ya paka.

Tazama kinachojirudia. Paka walikula. Na tukio la Oregon linatufundisha la ziada: friza haiui kirusi hiki. Kugandisha ni kukihifadhi.

Sasa njoo sokoni kwetu. Ukipita kwenye vibanda vya kuku, utakuta ndoo ya utumbo, vichwa na miguu pembeni ya gogo la kukatia. Watu hununua kwa bei ndogo kwa ajili ya paka na mbwa. Si kosa, ni chakula kizuri. Kosa ni kukimwaga kibichi kwenye bakuli. Fanya hivi:

Usinunue sehemu za kuku ambaye hukumwona akiwa mzima au ambaye muuzaji hawezi kukwambia ametoka wapi. Kuku aliyekufa mwenyewe asiliwe na mtu wala mnyama, hata akichemshwa. Kumnyonyoa na kumpasua ndiko kunakomwaga virusi mikononi na usoni mwako, kabla sufuria haijapata moto.

Osha utumbo taratibu kwenye beseni, usiuweke chini ya bomba linalorusha maji. Matone yanayoruka yanafika puani na machoni.

Chemsha. Kirusi cha mafua hufa nyama ikifika joto la nyuzi 70 mpaka ndani kabisa. Nyumbani hatuna kipimajoto, kwa hiyo maji yakishatokota acha dakika 20, mpaka pasiwe na wekundu wala damu popote. Usitie chumvi nyingi, na usitie kitunguu hata kidogo, maana kitunguu huharibu damu ya paka na mbwa. Ondoa mifupa mirefu ya paja na bawa, kwa sababu mfupa uliopikwa huvunjika kama kijiti na kuchoma utumbo.

Mpe paka na supu yake. Paka ana kirutubisho kiitwacho taurini ambacho lazima akipate kwenye nyama na samaki, na sehemu yake huyeyukia majini wakati wa kuchemsha. Ukimwaga supu, unamwaga na kirutubisho. Ugali mtupu, hata ukiwa mwingi, haumtoshi paka, na paka mwenye njaa ndiye anayekwenda kuwinda ndege na kuchakura jalalani.

Maziwa nayo yachemke mpaka yapande. Mlipuko mkubwa wa H5N1 kwa ng'ombe umekuwa Marekani, lakini kwetu maziwa mabichi yana sababu nyingine za kuchemshwa, ikiwemo kifua kikuu cha ng'ombe na brusela, ambazo humpata mtu moja kwa moja.

Kisu, ubao na beseni lililotumika kwa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kitu kingine chochote. Bakuli la paka lisioshwe pamoja na sahani za watoto.

Hatua ya 3: Tenganisha paka na banda

Mwanzoni mwa mwaka 2017 ndege wa majini walianza kufa kwenye ufuo wa Lutembe, karibu na Entebbe, kando ya Ziwa Victoria. Vipimo vikaonyesha homa ya mafua ya ndege ya aina nyingine, H5N8, ikakutwa pia kwa kuku na bata wa kufugwa. Majirani wa Uganda wakazuia kuku wasivuke mipaka. Kwa hiyo ugonjwa huu si habari ya mbali. Kila mwaka, kuanzia karibu Oktoba hadi Machi au Aprili, ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hushuka kwenye maziwa, mabwawa na fukwe zetu. Anayeishi karibu na maji azidishe uangalifu miezi hiyo.

Bata ndiye mgumu kuliko wote. Kuku akipata homa kali ya ndege hufa, nawe unajua. Bata anaweza kubeba kirusi, akala, akaogelea, akataga, asionyeshe lolote. Usiwafuge bata na kuku banda moja, na usimwache paka alale humo eti afukuze panya. Najua paka wengi ndiyo kazi yao. Basi mwache azunguke nje ya banda, wewe ziba matundu ya panya na uweke nyavu.

Viatu vya bandani vibaki bandani. Kandambili zilizokanyaga kinyesi cha kuku zikiingia sebuleni, paka atazinusa, kisha atajilamba.

Kuku wakianza kufa kwa wingi, usiamue mwenyewe kwamba ni mdondo. Mdondo, yaani kideri, na homa ya mafua ya ndege hufanana mno kwa macho: vilemba kuwa vya bluu, kuvimba kichwa, kuharisha, shingo kupinda, vifo vya siku mbili tatu. Maabara ndiyo inayotofautisha. Mwite afisa mifugo wa kata, au wa wadi kama uko Kenya. Wakati unamsubiri, fungia paka ndani na mbwa kwenye mnyororo. Mizoga usiiguse kwa mikono mitupu. Vaa glavu, au mifuko mikononi kama glavu huna, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Afisa akishachukua sampuli, izikwe kwenye shimo la kina ambalo mbwa hawezi kulifukua, na juu yake weka mawe.

Wale kuku wawili wa jirani tuliwazika hivyo. Mama yake alikuja analalamika kwamba namfundisha mtoto uharibifu. Tukaongea, akaelewa, na paka wake wawili wakalala njaa kwa nusu saa tu, mpaka dagaa walipoiva.

Hatua ya 4: Ukiumwa wewe, mlinde yeye

Watu wengi hawajui kwamba mafua hutoka pia kwetu kwenda kwa wanyama. Novemba 2009, dunia ikiwa katikati ya janga la mafua ya H1N1, paka wa miaka 13 huko Iowa, Marekani, alithibitishwa kuugua H1N1. Alikuwa paka wa ndani tu. Waliougua kwanza walikuwa watu wa nyumba yake.

Kwa nini hilo lihusu afya ya binadamu? Jeni za kirusi cha mafua zimegawanyika vipande 8. Virusi viwili tofauti vikiingia mwili mmoja kwa wakati mmoja, vinaweza kubadilishana vipande hivyo na kuzaa kirusi kipya ambacho miili yetu haijawahi kukutana nacho. Paka anaweza kupata mafua ya binadamu, na anaweza kupata ya ndege. Hatutaki apate yote mawili wiki moja.

Ukiwa na homa, kikohozi na mwili kuuma, usilale na paka kitandani, usimbusu, usile naye chakula kimoja. Mtu mwingine amlishe. Kama unaishi peke yako, vaa barakoa na nawa mikono kabla ya kumshika, siku zote unapoumwa. Kwa makundi yanayopata chanjo ya mafua ya kila mwaka, wakiwemo wazee, wajawazito na wenye magonjwa sugu, ichukueni inapopatikana. Haizuii H5N1, lakini inapunguza uwezekano wa virusi viwili kukutana.

Hatua ya 5: Zijue dalili, na usizichanganye na kichaa

Paka mwenye H5N1 huanza kwa kuzubaa na kukataa chakula. Homa hupanda. Kisha huja kamasi na macho mekundu, kupumua kwa shida, na kwa wengi dalili za ubongo: kuyumba kama mlevi, kuzunguka mahali pamoja, kutetemeka, degedege, kupofuka ghafla. Anaweza kufa ndani ya siku chache tangu alipoonekana mgonjwa. Mwaka 2023 nchini Poland paka waliugua hivyo katika miji tofauti. Sampuli 47 zilipimwa na 29 zikakutwa na H5N1. Watu waliowashika walifuatiliwa, hakuna aliyeugua.

Mbwa mwenye mafua ya mbwa hukohoa, mara nyingi wiki mbili hadi tatu, hutoa kamasi, huwa mnyonge. Wengi hupona.

Pua kavu si kipimo cha homa, iache. Kipimo kizuri zaidi ni pumzi. Mnyama akiwa amelala, tazama ubavu wake unavyopanda na kushuka. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni kawaida. Ikipita 40 akiwa amepumzika, mpeleke kwa daktari leo. Na paka anayepumua kwa mdomo wazi, shingo kaisogeza mbele, viwiko vimetanuka, usingoje hata kesho. Mbwa kuhema kwa joto ni kawaida, paka siyo. Fungua na midomo uone ufizi: ukiwa wa bluu au mweupe kama karatasi, hewa haimtoshi. Lakini mdomo ufungue tu kwa mnyama mtulivu mwenye akili zake.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo ambalo katika nchi zetu lina uzito kuliko mafua yote haya. Paka au mbwa anayeyumba, anayetoa udenda, aliyebadilika tabia, mpole kuwa mkali au mkali kuwa mpole, chukulia kwanza kwamba ni kichaa cha mbwa mpaka daktari aseme vinginevyo. Dalili za ubongo za H5N1 na za kichaa zinafanana. Mafua ya ndege kutoka kwa paka ni nadra mno, kichaa kipo mitaani kwetu na kikishaonyesha dalili kwa mtu karibu hakina kupona. Usimpakate. Usimfungue mdomo. Akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata jeraha likiwa dogo kama mchubuko wa mwiba.

Hatua ya 6: Mtenge mgonjwa, na umtunze

Chagua chumba kimoja chenye dirisha linalofunguka. Bafu la nje au stoo safi inafaa, jiko halifai. Weka maji, chakula laini, sanduku la mchanga na kitambaa cha kulalia ambacho uko tayari kukichoma baadaye. Ahudumiwe na mtu mmoja mzima. Mtoto chini ya miaka 5, mjamzito, mzee wa miaka 65 na kuendelea, na mtu mwenye kinga dhaifu au pumu wasiingie.

Anayehudumia avae barakoa na glavu, na nguo moja ya kazi ambayo inaning'inia mlangoni. Alinde na macho; miwani ya kawaida ni bora kuliko kukosa kabisa, maana H5N1 kwa binadamu inaweza kuanza kwa macho kuwasha na kuwa mekundu. Mchanga wa kinyesi uondolewe kila siku ukiwa umenyunyiziwa maji kidogo usitimue vumbi, kwa sababu kirusi hutoka puani na pia kinyesini.

Muda wa kumtenga ni mrefu kuliko watu wanavyodhani. Mbwa mwenye H3N2 anaweza kuendelea kutoa kirusi zaidi ya wiki tatu, kwa hiyo mtenge wiki nne hata kama anarukaruka na kukulilia mlangoni. Hapo ndipo wengi hushindwa.

Paka asipokula siku mbili, ini lake huanza kuharibika, hasa akiwa mnene. Mpashie supu moto kidogo, harufu itamwamsha. Mpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, tone kwa tone. Akiwa anapumua kwa shida usimlazimishe chochote mdomoni, kitaingia mapafuni.

Hatua ya 7: Dawa zipi, na zipi zinaua

Panadol na dawa nyingine zenye parasetamoli huua paka. Kidonge kimoja kinatosha. Watu wanampa kwa huruma, kwa sababu ndicho kidonge kilichoko kabatini, na paka anakufa kwa kidonge wakati ugonjwa wenyewe angeuvuka. Ibuprofeni nayo usimpe mbwa wala paka. Antibayotiki haiui kirusi. Daktari anaweza kuiandika kama kuna maambukizi ya bakteria yamejiunga, lakini usinunue tu dukani.

Kwenye usafi, sabuni ya kawaida na maji ndiyo silaha ya kwanza, kwa sababu kirusi cha mafua kina gamba la mafuta na sabuni hulivunja. Sakafu na bakuli vikishaoshwa, tumia dawa ya klorini ya kufulia. Ile ya asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja na vipimo sita vya maji, acha dakika 10, kisha suuza vizuri na ukaushe kabla paka hajarudi, maana atalamba nyayo zake. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote wala usiimwage juu ya mkojo wa paka ambao haujasuuzwa. Hutoa hewa inayochoma mapafu. Dawa zile za kahawia za kuua vijidudu, zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiguswa na maji, weka mbali kabisa na paka. Ngozi na ini lake haziziwezi.

Chanjo za mafua ya mbwa, H3N8 na H3N2, zipo Marekani. Kwenye kadi ya chanjo ya mbwa wako unaweza kukuta neno parainfluenza. Hicho ni kirusi kingine chenye jina la kufanana, kwa hiyo usidhani umeshamkinga na mafua haya. Chanjo ya kichaa hiyo usiikose, mbwa na paka, kwa ratiba ya daktari wako.

Hatua ya 8: Piga simu kabla ya kwenda kliniki

Usiingie kliniki na paka mikononi na kukaa benchi moja na wenye vifaranga na mbwa. Piga simu kwanza, useme dalili, na useme mambo manne bila kuulizwa: alikula nini wiki mbili zilizopita, kama kuna kuku au bata waliokufa nyumbani au jirani, kama aligusana na ndege wa porini, na kama kuna mtu wa nyumba anayeumwa. Jambo la kwanza ndilo linalofichwa zaidi, kwa aibu ya kusema nilimpa kibudu. Liseme.

Msafirishe kwenye boksi la katoni lenye matundu, limefunikwa kanga nyepesi. Usitumie tenga la kuku.

Akifa, usimchune wala usimtupe jalalani. Mwulize afisa mifugo kama anahitaji sampuli. Tanzania ina Maabara Kuu ya Veterinari Temeke, Dar es Salaam, na Kenya ina ya Kabete. Wao ndio watakaoelekeza jinsi ya kuufunga mwili na kuufikisha. Kama hauhitajiki, mzike kama wale kuku.

Hatua ya 9: Wafuatilie watu wa nyumba kwa siku 10

Kuanzia siku ya mwisho mtu alipomshika mnyama mgonjwa au mzoga, hesabu siku 10. Andika kwenye kalenda ya ukutani. Kila asubuhi uliza: macho yanawasha? Kuna homa? Koo? Kikohozi? Kubanwa kifua? Mtoto uliza mara mbili, maana watoto huficha wakijua watazuiwa kucheza.

Ikitokea dalili yoyote, mtu huyo akae chumba chake, avae barakoa, na aende kituo cha afya mapema. Oseltamivir, dawa inayopambana na kirusi cha mafua chenyewe, husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, kwa hiyo hakuna faida ya kungoja uone kama itapita. Na akifika mbele ya daktari wa watu asiseme tu "nina mafua." Ataandikiwa dawa ya mafua na kurudishwa nyumbani. Aseme: "Daktari, paka wetu amekufa Jumanne, na kabla yake kuku sita." Daktari akisikia hivyo ndipo atakapojua kipimo gani cha kuchukua na nani wa kumpigia simu.